Mkahawa wa maziwa jijini Warsaw

Nimekula mara mbili katika mkahawa wa aina ambayo Wapolandi huiita bar mleczny, yaani mkahawa wa maziwa, ambayo serikali ya kikomunisti iliieneza nchini ili wafanyakazi wapate mlo wa bei nafuu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989, uliofungua njia ya kumalizika kwa utawala huo, na hasa baada ya bei kuachiwa soko kuanzia Januari 1990, mingi ilifungwa. Iliyobaki hupokea ruzuku ya serikali kwa vyakula visivyo na nyama, jambo ambalo naliona la busara kabisa.

Unalipa kwanza, unakabidhi risiti dirishani, kisha unasubiri kuitwa. Pierogi zangu, ambazo ni vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, vikachemshwa na kumwagiwa vitunguu vya kukaanga, zilikuwa laini na za kushibisha. Supu ya biti, kwa bahati mbaya, ililetwa ikiwa vuguvugu. Kilichonigusa zaidi ni meza yenyewe, ambapo mstaafu aliyekuwa akihesabu sarafu zake alikaa bega kwa bega na kijana aliyevaa suti, wote wakila chakula kilekile kwa bei ileile.