Buli la Staffordshire la karne ya 18: uzoefu wangu

Kama unatafuta buli la kale la Kiingereza lililopakwa rangi kwa mkono, ushauri wangu ni mmoja: anza na stonwea ya chumvi, yaani chombo cha udongo mgumu kilichopata ganda la kioo kwa chumvi tanurini, na usilikimbie lenye ufa. Langu lina ufa. Nimekaa nalo, nimelishika mara nyingi, na bado naliona ni ununuzi mzuri kuliko mengi yanayoitwa mazima.

Linatoka Staffordshire, eneo la wafinyanzi huko Uingereza, na muuzaji alilikadiria kuwa la karibu mwaka 1760. Halina mhuri. Hilo lisikutishe, maana vyombo vingi vya aina hii havikupigwa mhuri. Atakayekutajia jina la fundi mwombe ushahidi. Mhuri wa kuogopa ni ule wenye neno "England". Neno hilo lilienea kwenye vyombo vya kuuzwa nje tangu 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka.

Buli lenyewe ni dogo, kama sentimita 10 kwenda juu. Aliyezoea mabuli yetu ya kumiminia wageni ukumbi mzima atadhani ni la watoto kuchezea. Lakini majani ya chai yalikuwa yakitoka China kwa bei ya kuumiza, na kodi ya serikali juu yake. Kodi hiyo iliposhushwa mwaka 1784 ilitoka takriban asilimia 119 hadi 12.5. Kabla ya hapo chai ilimiminwa kidogo kidogo.

Sasa mguso wake, na hapa ndipo lilipokonga moyo wangu. Udongo mweupe ulichanganywa na unga wa gumegume (jiwe gumu la kutoa cheche) lililochomwa, chombo kikafinyangwa kikiwa chembamba, kikaingia tanurini. Moto ulipofika kilele, nyuzi 1200 na zaidi, chumvi ya kawaida ilimwagwa ndani. Mvuke wake ulishikana na silika ya udongo ukaacha ganda la kioo lenye vitundu vidogo vidogo, kama ngozi ya chungwa. Pitisha kidole gumba taratibu utavihisi. Ganda lenyewe ni jembamba mno, kwa hiyo halizibi nakshi: mkono na mdomo wa buli langu vimefinyangwa mfano wa tawi la mti lenye mafundo, na kila fundo bado limesimama wazi.

Rangi zilipakwa juu ya ganda hilo, kisha chombo kikachomwa tena kwa moto mdogo. Ni enameli, rangi zenye unga wa kioo: waridi, manjano, buluu ya kukolea na kijani. Upande mmoja kuna maua, upande wa pili mtu wa Kichina chini ya mti, amechorwa na mkono ambao nina hakika haukuwahi kufika China, na napenda ujasiri wake. Kwa kuwa rangi zimekaa juu, huchubuka. Kwenye langu waridi imelika pale kiganja kinapokumbatia tumbo la buli na pale kifuniko kinaposuguana na shingo. Hiyo kwangu ni sifa. Chakavu kilichokaa mahali pa matumizi ni vigumu kukighushi.

Ufa unaanzia ukingoni na kushuka karibu na mkono, na ncha ya mdomo ina pengo. Muuzaji alinionyesha vyote kabla hatujafika kwenye bei, na bei ikawa chini ya nusu ya ile ya buli zima. Linganisha na jingine nililoliona mnadani, orodha ikisema lipo katika hali nzuri. Tochi ya urujuanimno ilionyesha mdomo wote uking'aa tofauti na mwili: ulijengwa upya kwa gundi ya resini na kupakwa rangi. Ndiyo maana nasema ufa ulio wazi ni bora kuliko uzima wa kupaka. Nenda na tochi hiyo, na uligonge buli kwa ukucha, taratibu. Zima hulia, lenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa.

Sinywei chai humo, na sikushauri. Ganda la chumvi halina risasi, ile metali yenye sumu, lakini enameli za zamani huwa nayo, tena maji ya moto yangeupanua ufa. Nalisafisha kwa maji vuguvugu na brashi laini, basi.

Mwenye fedha kidogo atazame sahani nyeupe za stonwea hiyo hiyo, zisizo na rangi, zenye ukingo wa nakshi za vikapu na punje. Tuliokulia pwani tumeziona sahani za Kizungu kwenye zidaka za nyumba za Lamu na Zanzibar, ila nyingi za hizo ni za karne ya 19 na udongo wake ni laini zaidi. Hii ni kitu kingine kabisa mkononi. Haikudumu sokoni: Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Staffordshire, aliandika kwamba kufikia 1759 bei yake ilikuwa imeshuka mno, na vyombo vyake vya rangi ya maziwa, alivyoagizwa na Malkia Charlotte wa Uingereza mwaka 1765, vikaisukuma kando.

Kabla ya kutoa hela, nenda Potteries Museum huko Stoke-on-Trent, au ghorofa ya kauri ya Victoria and Albert Museum, London, uzoeshe macho. Na kama utatumiwa buli kwa posta, mwambie muuzaji afunge kifuniko peke yake, nje ya buli, na usome masharti ya bima. Wasafirishaji wengi hawalipi kauri ikivunjika.