Banda la mpira la nyuma ya soko, Chake Chake: nendeni Jumamosi

Mwenye kutaka kuangalia ligi ya Uingereza hapa Chake, mie namwelekeza banda la nyuma ya soko, tena Jumamosi jioni. Kiingilio shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Televisheni zipo mbili, feni zinazunguka, na mlangoni kuna kijana anauza kahawa na kashata. Kinamama tuna benchi letu na hatusumbuliwi.

Lakini sifa ya banda hili ni maalim mmoja mstaafu ambaye mwenye banda humwachia nafasi kabla ya mechi, atueleze timu zimetoka wapi. Arsenal naishabikia tangu skuli, na ni pale nilipojua kwamba iliundwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Ule mzinga wa kwenye jezi una asili yake. Manchester United ilianzishwa 1878 na wafanyakazi wa reli, ikiitwa Newton Heath. West Ham ni ya waunda meli wa mto Thames. Tangu niyajue hayo, zile nyimbo za majukwaani nazisikia vyengine kabisa.

Hata saa ya mechi ina historia yake. Sheria ya viwanda ya 1850 iliwatoa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo kazini saa nane mchana siku ya Jumamosi, na mashine zikasimama kwa wote. Saa tisa watu wako uwanjani. Wakati wa baridi, saa tisa yao ndiyo saa kumi na mbili jioni yetu. Na mechi hizo za saa tisa hazirushwi mubashara kwenye televisheni za huko kwao! Utaratibu huo ni wa tangu miaka ya 1960, watu wasije wakabaki majumbani na kuziacha timu ndogo za miji yao zikicheza mbele ya viti vitupu. Mpemba anaiona mechi ambayo jirani wa uwanja, kama hana tiketi, haioni.

Maneno hayo yalimwingia mwenye banda. Siku hizi, kukiwa na mechi ya ligi yetu Gombani, hafungui mpaka filimbi ya mwisho ya Gombani ipigwe. Wapo vijana walionuna. Mie namuunga mkono kwa moyo wote, kwani Waingereza wameulinda mpira wa mitaani kwao kwa kukubali kukosa kitu, na wetu hautalindwa na mtu mwengine.

Adhana ya magharibi ikitoka sauti huzimwa, na wanaokwenda kusali hukuta nafasi zao zipo. Kasoro ni mlango mmoja tu, mechi ikiisha watu husongamana. Nimemwambia atoboe wa nyuma, kaahidi baada ya msimu wa karafuu.