Hearts of Iron IV: kuipeleka Uingereza kwenye ufashisti (uzoefu wangu)

Je, ufashisti ungeshika Uingereza, mambo yangekuwaje? Gemu hii ya kompyuta hukuwezesha kulijaribu swali hilo siku kwa siku, kuanzia Januari 1936. Njia ya Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, na wafuasi wake walioitwa Mashati Meusi ilikuja na nyongeza ya Man the Guns ya 2019, iliyotoka ikilipiwa kando.

Kabla ya kuanza, zima chaguo la mwendo wa kihistoria. Ukiliacha, Ujerumani itamfuata Hitler vilevile, nawe hutaona Ulaya tofauti.

Baada ya hapo ni hesabu. Nguvu za kisiasa, yaani pointi za kulipia washauri na maamuzi, huingia takriban 2 kwa siku. Mshauri anayechochea ufashisti hugharimu 150, yaani siku 75 za kusubiri ukianza na sifuri, kisha huongeza asilimia 0.1 ya wafuasi kila siku. Asilimia moja ni siku kumi! Ndiyo maana anayeanza na mshauri wa viwanda hufika 1938 chama kikiwa bado kichanga. Umwajiri mchochezi kwanza. Wala usiharakishe vita vya wenyewe kwa wenyewe, maana jeshi na silaha hugawanyika. Wafuasi wakiwa wachache, vikosi vingi vitakugeuka.

Ninachokitilia shaka ni huo mstari wa wafuasi unaopanda bila kuchoka. Chama cha Mosley kilianzishwa Oktoba 1932, na kwenye mkutano wake katika ukumbi wa Olympia, London, Juni 1934, wapinzani walipigwa ukumbini mbele ya watu. Heshima ya chama ikaporomoka. Tarehe 4 Oktoba 1936, Wayahudi, wafanyakazi wa bandarini na Wakomunisti waliziba barabara ya Cable Street, London, maandamano ya Mosley yakageuzwa njia. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku sare za kisiasa. Watu wale ndio waliomzuia, na kwenye gemu huwaoni.

Hata Tanganyika ukiibofya utaona ardhi, rasilimali na hesabu ya watu wa kuandikisha jeshini, basi. Kwa msomaji wa huku hilo ni pengo kubwa, kwa sababu swali la kwanza hapa lingekuwa serikali ya Mosley ingewafanyia nini watu wa makoloni.

Kwa anayependa mikakati na mwenye subira, naipendekeza kwa moyo wote. Nyongeza zisubirie msimu wa punguzo.