Kukopesha Kiva na timu ya wasio na dini

Kwa kikundi cha wanahumanisti (wanaothamini utu bila kutegemea dini) kinachotaka kusaidia watu bila mahubiri, Kiva, tovuti ya kuwakopesha watu wenye kipato kidogo, inafaa sana. Unaanza na kiasi kidogo, na mkopeshaji halipwi riba. Kabla ya kulipa, chagua timu (kundi la wakopeshaji ndani ya Kiva) ya wasioamini, iliyopo tangu 2008. Hatua hii husahaulika. Hapo hapo kagua mchango wa hiari kwa Kiva yenyewe, maana huja umeshajazwa.

Kazi kubwa ni kumchunguza mshirika wa Kiva, yaani taasisi inayokopesha mashinani. Wengi hutoza mkopaji riba, na mara nyingi fedha huwa zimeshatolewa kabla hujachangia. Soma ukurasa wake: gharama kwa mkopaji, kiwango cha mikopo isiyolipwa, na kama ni taasisi ya kidini (wapo!). Sarafu ya huko ikishuka, unaweza kurudishiwa pungufu.