Prosesa ya gemu kwa vyumba vyetu vya joto

Kaskazi ilipopamba moto mwaka jana, kompyuta yangu ikawa inaganda kila baada ya dakika kumi za mpira. Mchezaji anakimbia, anafika boksi, anasimama kama kapigwa picha. Mama akapita, akaweka mkono juu ya kesi: "Humu unachoma maandazi?" Ndani mlikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, Core i7-11700K, imetumika, niliyouziwa Darajani kwa maneno matamu ("dada, hii moto wa kuotea mbali") pamoja na kifeni cha upana wa kikombe cha kahawa. Prosesa hiyo ikikamuliwa huvuta hadi wati 250. Ikifika nyuzi 100 inajipunguzia kasi isiungue, na kifeni kile kilikuwa kikipuliza hewa ya chumba cha ghorofa ya tano Michenzani, bila kiyoyozi. Muuzaji hakunidanganya, moto niliupata.

Kwa hiyo idadi ya kori na gigahezi sizizungumzii, hayo kila muuzaji atakuimbia. Mie naangalia wati, maana ndizo joto. Wanaozipima prosesa hizi huko Ulaya wamekaa kwenye chumba cha nyuzi ishirini na kitu. Chako jioni ya Machi kimepita 30, na feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Chumba kikipanda nyuzi kumi, na ndani ya kesi zimepanda hizo hizo kumi. Na mita ya umeme, Tukuza, nayo inahesabu yuniti zako.

Ya kwanza kwangu ni Ryzen 5 7600. Mie mtu wa AMD, wanaotengeneza hizi Ryzen, nasema wazi, anayetaka mizani sawa atafute pengine. Wati 65, kori sita, na feni yake imo ndani ya boksi. Tena inatoa picha yenyewe, kwa hiyo grafiki kadi ikifa, au ikiwa bado haijavuka maji kutoka Dar, kioo kinawaka. Usikubali kubadilishiwa 7600X: wati 105, feni haina, na kwenye gemu tofauti huioni kwa macho. Ubaya ni bodi ya AM5 (aina ya tundu la prosesa hii) na ramu za aina mpya, DDR5, hapo ndipo pesa inapoyeyuka.

Ya pili ni Ryzen 7 7800X3D. Imebandikwa kumbukumbu ya ziada ndani yake (kashe, si ramu), jumla megabaiti 96, na ndiyo siri ya gemu kutiririka. Kwa kasi ile, umeme inaokula ukicheza ni mdogo wa kushangaza. Kikomo chake nyuzi 89, feni ununue mwenyewe, kubwa. Ila bei niliyotajiwa mjini nilidhani ni ya kompyuta nzima.

Ya tatu Ryzen 5 5600 ya 2022, wati 65, ramu za DDR4 ambazo labda unazo tayari. Haitoi picha bila kadi.

Intel? Core i5-12400F naikubali kwa shingo upande, inapoa vizuri. Lakini hiyo F maana yake haina picha ndani. Msomaji wa Wete alichomeka waya wa kioo kwenye bodi, giza tupu. Fundi akamtoza pesa ya kuangalia, akamwambia prosesa imekufa. Ilikuwa nzima! Zile i9 za kizazi cha 13 na 14 za mtumba sizigusi kabisa: 2024 Intel wenyewe walikiri zilikuwa zinapokea volti kupita kiasi na kuharibika.

Za bei ndogo, Core i3-12100F na Ryzen 5 5500. Zinacheza, basi.

Sasa wauzaji. Bango linasema "Core i7", ukiuliza namba kamili unajibiwa "i7 ni i7, dada". Si kweli. Ya kizazi cha 4 inapigwa na hiyo i3 niliyoitaja, wala Windows 11 haiitambui rasmi. Na juzi nimekwenda kuulizia 7600. Boksi lilikuwa kubwa, karatasi ya muhuri imekatwa. Nikafungua: prosesa imo, na pembeni yake shimo la katoni, duara, tupu. Feni yenyewe niliiona rafuni nyuma yake, imebandikwa bei.

"Ile inauzwa mbali," akaniambia.

Nikalifunga boksi, nikamsukumia.