Duka lililonikataza kuona kisogo cha sanamu ya Houdon

Sitarudi tena katika duka lile la vitu vya kale hapa Paris, na sababu yangu si bei. Majira ya baridi yaliyopita walitangaza kwamba wanauza sanamu ya kichwa na mabega ya Louise Brongniart, ya udongo wa kuchoma, wakidai kuwa imetoka katika karakana ya Jean-Antoine Houdon mwenyewe. Hakuna mchongaji wa karne ya 18 ninayempenda kuliko huyo, na kila niingiapo jumba la makumbusho la Louvre humwendea kwanza binti huyo, aliyefinyangwa mwaka 1777 pamoja na kaka yake Alexandre. Nilikwenda dukani kwa nia ya kweli ya kununua.

Niliomba jambo moja tu: sanamu igeuzwe nione kisogo na uwazi wake wa ndani. Muuzaji alinikagua kuanzia viatu hadi kofia, akasema kwamba vitu vya namna ile havichezewi na wapita njia, kisha akanipa mgongo na kumlaki kwa bashasha mteja aliyeingia nyuma yangu, ambaye aliishika sanamu ileile mashavuni bila hata kuomba ruhusa. Hasira niliyotoka nayo mlangoni haijaniisha hadi leo.

Kisogo ndicho kinachosema kweli katika kazi hizi. Karakana ya Houdon ilitoa nakala nyingi, za plasta na za udongo uliokandamizwa katika kalibu, na baadhi zilibandikwa muhuri wa lakiri nyekundu wenye jina lake. Na hata baada ya kifo chake mwaka 1828 watu waliendelea kumnakili. Kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka na kuchomwa, nakala iliyopatikana kwa kalibu ya sanamu nyingine ya udongo huwa ndogo kuliko ile iliyoizaa, na mara nyingi huacha alama za maungio ya kalibu. Utepe wa kupimia na dakika chache vingetosha.

Houdon mwenyewe, mwaka 1785, alivuka bahari hadi Mount Vernon, Marekani, nyumbani kwa George Washington, ili amwone ana kwa ana na kumpima, kwa sababu hakuridhika kufanya kazi kwa kutazama picha iliyochorwa. Mimi nilikatazwa kuzunguka meza!

Haki lazima isemwe: uso ulikuwa mzuri. Houdon alichimba mboni kwa kina na kuacha kipande kidogo kikining'inia ndani ya shimo ili kidake mwanga, na macho ya sanamu ile yalikuwa na uhai huohuo. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri wapenzi wa kazi hizi wauvumilie ufidhuli na wakainunue, maana uso kama ule hauonekani kila siku. Sasa siwezi. Ingekuwa ya karakana kweli, kisogo kingeonyeshwa kwa fahari, pamoja na lakiri yake. Huenda ni nakala ya baadaye, nami sina njia ya kujua kwa sababu yule bwana hakutaka nijue. Atakayekwenda licha ya haya asitoe hata senti kabla sanamu haijageuzwa mbele yake, na akikataliwa, aondoke papo hapo.