Hati za Wamorisko mtandaoni: zinamfaa nani, na zisomwe vipi

Msomaji wa tenzi za zamani kwa herufi za Kiarabu atazipenda hati za Wamorisko, yaani Waislamu wa Hispania waliobatizwa kwa nguvu pamoja na wazao wao, za Maktaba ya Tomás Navarro Tomás, Madrid. Zinatazamwa bure mtandaoni, na ukurasa unaweza kuukuza.

Nyingi zilipatikana mwaka 1884 huko Almonacid de la Sierra, katika eneo la Aragon, Hispania, nyumba kuukuu ilipobomolewa. Zilikuwa chini ya sakafu ya mbao, zimeviringwa vitambaa na kuwekewa mawe ya chumvi ya kuzuia unyevu. Baadhi zilichomwa moto kabla mtu hajatambua thamani yake, hasara isiyolipika. Waislamu wa Aragon walibatizwa kwa nguvu mwaka 1526 na wazao wao wakafukuzwa mwaka 1610. Kati ya miaka hiyo, kukutwa na kitabu kama hiki kulitosha kumfikisha mtu mahakamani kwa uasi wa dini.

Nyingi ni za Kihispania kwa herufi za Kiarabu. Fataha peke yake ni "a". Ikifuatwa na alifu ni "e". Be yenye shada ni "p", jimu yenye shada ni "ch", na "s" huandikwa kwa shini. Konsonanti mbili mwanzoni hutenganishwa kwa irabu: "grande" huwa "garande", kama sisi tunavyosema Kirismasi. Kinachowakwamisha wengi wa pwani yetu ni mwandiko wa Kimaghribi: fe ina nukta chini, na qafu ina nukta moja juu. Ukiisoma qafu hiyo kama fe, neno zima limepotea.

Humo mna Kurani, dua, na mafunzo ya udhu na sala. Zisome sambamba na fatwa ya mufti Ahmad ibn Abi Jum'a wa Wahran (Oran, Algeria), ya mwaka 1504, kwa Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kujificha: tayamamu (kujitwaharisha bila maji) hata kwa kugusa ukuta, sala kwa ishara, zaka kwa mfano wa sadaka ya maskini, na nia ibaki moyoni.

Upungufu wake ni kwamba maelezo ni ya Kihispania, na picha ni nzito. Mwenye bando dogo afungue ukurasa mmoja mmoja. Anza na sura fupi zenye Kiarabu na tafsiri yake, kwani maana unaijua tayari na kila herufi ngeni itajifichua yenyewe.